Vijiua vya Penye Bomba

Kaka yangu ni fundi mwashi, na mwashi hawezi kuona udongo mtupu akalala usingizi. Alipokuja kuziba ufa wa bafuni kwetu nilimwambia, nikarudia: "Kaka, fanya yote, ila pale penye bomba la nje usipaguse." Akaitikia, "Sawa, sawa," kwa sauti ile ya mtu ambaye hajasikia kitu. Kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Pale penye bomba kuna vijiua vyeupe vyenye kiini cha njano, jamii moja na alizeti, ingawa havifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Hakuna aliyevipanda. Ukivikata vinachipua tena kwenye mizizi ileile, mwaka hadi mwaka, ving'ang'anizi kama mgeni asiyeaga. Mama amesahau mengi: siku, majira, hata jina langu. Lakini kila asubuhi huvimwagilia kwa kikombe, kisha husema, "Haya, hapa ndipo kwangu," na siku inakwenda. Asipoviona, tunakoma.

Nilitoka kuanua nguo nikakuta pale pamesawazishwa, panang'aa.

"Kaka! Umefanya nini?"

"Saruji ilibaki kidogo," alisema huku akifuta mwiko wake. "Na saruji ikishakorogwa haitupwi. Nimewapendezeshea nyumba, hata asante hakuna?"

"Na maua ya mama?"

"Magugu yale? Nitamnunulia waridi, tena la kwenye chungu."

Huyu ndiye ambaye mama alimdekeza kuliko sisi sote, na ndiye asiyejua mama anaamkaje.

Mama akatoka na kikombe chake kimejaa maji. Akasimama. Akatazama saruji, ukuta, kamba ya nguo, kisha akatutazama sisi kwa adabu ile anayowapa wageni.

"Kwenu pazuri," alisema. "Pasafi."

"Mama, ni hapahapa nyumbani," kaka alisema, akijichekesha.

Mama akamgeukia. "Fundi, ukimaliza kazi ya hawa watu, nirudishe kwangu, baba. Nina mwanangu naye ni fundi kama wewe. Asiponikuta atahangaika."

Mwiko ukamdondoka. Akapiga magoti, akaanza kuifukua saruji mbichi kwa vidole, machozi yanamtiririka, na mimi niliyekuwa nimemwandalia matusi ya wiki nzima nikajikuta natafuta kijiko nimsaidie.