Ngedere wa Kengele

Mume wangu Hilari ndiye aliyeleta balaa. Ngedere walikuwa wanatumalizia mpunga, naye akafanya wanavyofanya wanaume wa Kipimbwe huku Majimoto: akanasa mmoja mdogo, akamfunga kengele ya ndama shingoni, akamwachia. Mtoto anawakimbilia wenzake, wenzake wanaikimbia kengele. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikasirika, maana jioni yule ngedere mdogo alirudi peke yake, akakaa mlangoni kwangu akitetemeka. Nikaikata ile kengele, nikampa uji. Akahamia.

Tulizoeana mpaka siku Fabiani, afisa wanyamapori, alipopiga hodi.

"Mama Yohani, huyu una leseni yake?"

"Mbona mbwa wangu hujamuulizia leseni?"

"Mbwa siyo mnyamapori, mama. Leseni ya huyu wanataka banda la maana, daktari wa mifugo, na asiwe ameokotwa porini. Wewe hupati. Jumamosi nakuja kumchukua, akakae kwenye kizimba cha wanyama huko mjini. Ukimficha, twende wote kituoni."

"Na nikimrudisha kwao?"

"Wakimpokea, sina neno. Ila nyie wenyewe mlishamharibia."

Alisema kweli, ndiyo maana nilizidi kuchukia. Kila nilipompeleka karibu na wenzake, walimwona tu wakatoweka, kengele haipo lakini woga upo. Na kizimba? Mtoto aliyekunywa uji wangu akazeekee nyuma ya nondo? Thubutu!

Nikaacha kulinda mpunga. Kipande cha juu kinachopakana na msitu nilikiacha wazi, nikamkataza Hilari kupiga debe la kuwafukuza. Jirani yangu Theopista alikuja kunishangaa.

"Mpimbwe gani anakaribisha ngedere shambani?"

"Mwenye hasira," nikamjibu.

Walikuja. Mwanzoni walimwona mtoto wangu niliyemwacha mle mpungani, wakakimbia. Kesho yake wakakimbia kidogo, wakarudi, maana mpunga ulikuwa umeiva na tumbo halina kinyongo. Yeye akawa anasogea, anakula pembeni, anasogea tena. Ijumaa jike mmoja mzee alimvuta, akamkalisha, akaanza kumtoa chawa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kichuguu. Nilijiziba mdomo kwa khanga nisije nikawatimua kwa vigelegele.

Jumamosi Fabiani alifika na kamba. Nikampeleka shambani. Ngedere walikuwa wamejaa tele, mashavu yametuna.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo. Mchukue."

"Yupi sasa?"

"Wewe ndiye afisa."

Alitazama, akatazama tena, akaangua kicheko. "Mama Yohani, umenishinda," akasema, akakunja kamba yake, akawasha pikipiki.

Nilibaki pale nikimtafuta, nikipita uso mmoja baada ya mwingine. Hata mimi niliyemlea sikumjua ni yupi. Machozi yalinitoka kwa furaha, nikapaza sauti mpaka Theopista akasikia kwake: "Kuleni, wanangu! Kuleni!"