Jina la Nne Kwenye Fomu

1.

TAMASHA KUU LA ANIME, DAR ES SALAAM
FOMU YA USHIRIKI WA KUNDI

Jina la kundi: Walinzi wa Malango (Morogoro)
Mshiriki wa 1: Mwasiti Kibwana
Mshiriki wa 2: Gaudensi Mkude
Mshiriki wa 3: Stumai Rajabu
Mshiriki wa 4: Kidawa Selemani

Angalizo: Kundi lisipungue watu wanne.

2.

Fomu ile waliijaza mwezi wa tatu, barazani kwa kina Kidawa, wote wanne juu ya mkeka mmoja. Kidawa ndiye aliyeshika kalamu, maana mwandiko wake ulikuwa unasomeka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga tamasha kama hilo. Miaka sita walikuwa wakitazama katuni za Kijapani kwenye simu moja, ya Gaudensi, kioo kimepasuka, vichwa vinne vimebanana. Mtaani waliulizwa mpaka wakachoka: watu wazima na katuni? Kidawa alikuwa na jibu lake. "Na wewe na tamthilia zako je, nani kakuuliza?"

Katuni waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya walinzi wanne, kila mmoja na lango lake. Watatu wanaruka, wanapigana, wanaapa viapo. Wa nne hasemi kamwe wala haonyeshi uso. Anasimama tu, lakini asipokuwepo yale malango matatu hayafungi.

"Huyo ni wangu," Kidawa alisema. "Kuruka mtaruka nyie. Miguu yangu mnaijua."

Walikuwa wanaijua. Alizaliwa na selimundu, na maumivu yakimshika hata chooni alibebwa.

3.

Kidawa: Mwasi, njoo basi tumalizie kinyago. Macho yamekataa kukaa sawa, moja liko juu
Mwasiti: Kesho shoga angu, leo nimechoka hoi
Kidawa: Wewe na kesho zako
Mwasiti: Kweli nakuja
Kidawa: Haya. Kesho

4.




5.

Msomaji, hapo kwenye nne hapajakosewa. Usirudi nyuma kutafuta. Nimepaacha makusudi mimi ninayekusimulia, na tusigombane kwa hilo. Tutaparudia.

Kilichotokea ni kwamba kesho ilifika, na Kidawa akapelekwa hospitali alfajiri, na saa nne asubuhi simu zikaanza kuita. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mwasiti alikwenda msibani, akakaa nyuma kabisa pamoja na wanawake wa mtaa wa pili, kama mtu aliyepita njia. Arobaini hakwenda. Alituma salamu kwamba anaumwa. Uongo mtupu, alikuwa mzima wa afya, amejifungia chumbani. Alimwogopa mama Kidawa asije akamuuliza neno moja tu: siku ile mbona hukuja?

6.

Kutoka daftari la Mjomba Mrisho, msimamizi wa arobaini.

KUGAWA NGUO ZA MAREHEMU

Magauni matano, baibui moja: Stara, binti yangu
Kanga doti nne: shangazi zake
Koti jeusi refu, ndani jekundu: mama mkubwa, Mgeta kuna baridi
Buti nyeusi: Idi, binamu yake, anakwenda machimboni
Nywele za bandia, bluu: Stara
Kitu cha rangi ya fedha mfano wa beseni, kina mikanda: haijulikani ni nini. Jirani Bi Chausiku amesema atakipatia kazi
Fimbo ya bomba la maji: nimechukua mimi, bafuni kunavuja
Sura ya sponji, haina mdomo: mama yake amekataa isiguswe

Shughuli imefungwa kwa dua. Hakuna aliyenung'unika.

7.

Hakuna aliyenung'unika kwa sababu hakuna aliyejua. Ndiyo desturi ya kule: matanga yakianuliwa, nguo za aliyekufa zinatolewa sandukuni, ndugu wanagawana, kila mtu anaondoka na kipande chake. Mjomba Mrisho alikuta mle ndani joho, dirii ya kukinga kifua, wigi na buti, kazi ya Kidawa ya miezi minane, kaishona na kuikata kwa mkono kutoka kwenye sponji za kandambili, kaipaka rangi kwa brashi ya kucha. Akaona nguo. Akagawa. Yeye ana kosa gani?

Gaudensi na Stumai walikuwa kazini siku hiyo. Angekuwepo mtu mmoja tu wa kusema, "Jamani, mjomba, hizo si za kuvaa, hizo ni za tamasha."

Mtu huyo alikuwa chumbani anaumwa uongo.

8.

Kwa Kamati ya Tamasha. Mwenzetu wa nne amefariki dunia. Tunaomba jina lake lisomwe pamoja na yetu, sisi watatu tutasimama. Ni hilo tu. Wenu, M. Kibwana.

*

Ndugu M. Kibwana,

Kamati inatoa pole kwa msiba uliowafika. Hata hivyo, kwa mujibu wa Kanuni ya 9, jina husomwa kwa mshiriki aliyepo ukumbini pekee. Kila aitwaye ataitika mwenyewe. Asiyeitika baada ya kuitwa mara tatu atahesabiwa hayupo, na kundi lake litaondolewa. Jaji anaweza kumtaka mshiriki yeyote avue kinyago ili kumtambua.

Mnaruhusiwa kubadilisha jina la mshiriki wa nne kabla ya tarehe 20.

Tunawatakia maandalizi mema.

9.

"Tubadilishe," Gaudensi alisema. "Mdogo wangu yupo. Tunamvika, tunapanda, tunashuka. Kidawa angetaka twende."

"Hatubadilishi."

"Mwasi, acha ukaidi."

"Gau, nisikilize. Tangu azikwe, umelisikia lile jina wapi? Marehemu, marehemu. Marehemu alipenda hivi, vyombo vya marehemu. Hata mama yake, watu walikuwa wanamwita Mama Kidawa mpaka sokoni. Sasa wanamkwepa, wanamwita mama basi, mama hujambo, mama pole. Mimi nataka liitwe. Kwenye spika, watu elfu wasikie. Mara moja tu. Likifutwa kwenye fomu ndiyo limekwisha."

Stumai, ambaye huwa haongei mpaka achokozwe, aliokota kalamu iliyokuwa sakafuni akaitia mfukoni mwake.

Tarehe 20 ikapita.

10.

VILIVYOPATIKANA

Joho. Mama mkubwa wa Mgeta alilitoa bila ubishi. "Mngesema mapema, wanangu. Ila mfuko niliouongeza kwa ndani siufumui, nimeshona kwa mkono." Wakamwambia hapana shida, mama, uache.

VISIVYOPATIKANA

Buti. Zimeshakwenda na Idi.

Fimbo. Inapitisha maji.

Wigi. Stara alifungua mlango, kichwa kizima rasta za bluu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kulia. "Nilidhani ni za kusukia. Nimefumua mara moja zikakatika, nikasuka tena." Stumai akamkumbatia akamwambia zimempendeza, na kweli zilikuwa zimempendeza.

Dirii.

Dirii ilikuwa nyuma ya jiko la Bi Chausiku, imelazwa chali, ndani imejaa majani makavu, na juu ya majani kuku mwekundu ametuna.

"Ametamia," Bi Chausiku alisema. "Leo siku ya kumi na moja. Mayai tisa."

Gaudensi aliinama, akatazama mikanda ambayo Kidawa aliipimia kifuani kwake mwenyewe. Kuku akamdonoa.

"Tunaweza kumhamisha taratibu?"

"Ukimhamisha atayasusa, baba. Yatakufa yote."

Wakaondoka. Mwasiti alijaribu kukasirika njia nzima na hakuweza.

11.

Kilibaki kinyago.

Mwasiti alifika kwa Mama Kidawa saa kumi alasiri, akasimama nje kwa muda wa kutosha kurudi nyumbani mara mbili.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea."

Mama Kidawa alikuwa anachambua mchele. Hakusimama, alimsogezea kigoda tu. Mwasiti hakukaa. Aliyasema yote akiwa amesimama, haraka haraka, tamasha na fomu na joho na kuku, halafu likatoka na lile ambalo hakupanga kulisema.

"Siku ile aliniita. Nikamwambia kesho."

"Najua. Nilikuwa nimekaa hapo pembeni yake."

"Mama, nisamehe."

"Alicheka. Alisema, huyu namjua, atakuja saa sita na mihogo yake ya kukaanga, atakula yeye mwenyewe." Alipepeta ungo mara moja, mara mbili. "Nilikuwa nakungoja tangu msibani nikwambie hivyo. Ukajificha."

Mwasiti akakaa. Akalia vizuri, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemnyamazisha.

12.

Sasa nasema mimi mwenyewe, mama yake, maana mnanizungumzia kama sipo.

Kile kinyago nakilaza chini ya mto. Kina jicho moja juu, moja chini. Huyu mtoto aliniomba akinyooshe kwa kisu cha moto, nikamwambia kiache hivyohivyo, ndivyo alivyokiacha mwenzako.

Nikamuuliza, anayevaa hiki anafanya nini huko jukwaani? Akasema, anasimama tu, mama. Hasemi.

Nikasema, kusimama naweza.

Akanitazama. Mnaweza kucheka. Nina miaka hamsini na moja, goti la kushoto bovu, na katuni sijawahi kuimaliza hata moja, nilikuwa nasinzia. Lakini miaka ishirini na miwili nilimsimamia yule. Wodini, shuleni, usiku wa maumivu. Kusimama ndiyo kazi ninayoijua.

Ila nikawaambia jambo moja. Kuitika msinitie. Jina la aliyekufa likiitwa, aliye hai haliitikii. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na sivunji. Nitasimama, jina lake na lisomwe, lakini kuitika hapana.

Wakasema Stumai ataitika kwa nyuma yangu. Nikasema hayo ni yenu.

13.

MAVAZI YA MSHIRIKI WA NNE, KAMA YALIVYOKUWA SIKU YENYEWE

joho, lenye mfuko wa ziada
ushungi wa bluu badala ya wigi
kanga ya Kidawa, aliyoirudisha shangazi, imefungwa kifuani badala ya dirii
kandambili
kinyago

14.

Walishuka kwenye treni saa mbili na nusu asubuhi. Ukumbini watu walikuwa wengi mpaka Gaudensi akamshika Mwasiti mkono bila kujua. Mabawa, mapanga ya mbao, nywele za kila rangi, dada mmoja ana mkia. Mwasiti alikuwa amekiota kitu hiki miaka sita na sasa amekifikia, na alichokuwa anakitazama ni kandambili mbili zinazotangulia mbele yake, taratibu, goti la kushoto linaburuzwa kidogo.

Yaliyosikika kwenye msongamano:

"Mama weee, umemwona yule mwenye joho?"

"Ni Mlinzi wa Nne. Macho kayapinda makusudi, kaweza huyo."

"Samahani dada, naomba picha moja."

"Haongei, yuko ndani ya mhusika."

"Ana mikono kama ya mama yangu."

Alipigwa picha kumi na saba. Kila aliyeomba alimsimamia.

15.

MAELEKEZO KWA MAKUNDI: Subirini nyuma ya pazia. Majina yatasomwa kwa spika kuu. Majina hayatarudiwa zaidi ya mara tatu.

16.

Mwasiti Kibwana.

"Nipo."

Gaudensi Mkude.

"Nipo!"

Stumai Rajabu.

"Nipo."

4.

Kidawa Selemani.

Lilitoka kwenye spika nane kwa mpigo. Liligonga ukuta wa mwisho wa ukumbi, likarudi. Mwasiti alikuwa amelisubiri siku sitini na moja tangu mazishi na bado lilimpata vibaya. Watu elfu walikuwa wamelisikia. Alichokitaka amekipata, na sasa lilikuwa limebaki la Stumai, neno moja, kama walivyopanga.

Stumai alifungua mdomo.

 

Kidawa Selemani.

 

Stumai alikuwa analia. Amefumba mdomo kwa viganja vyote viwili, anatikisa kichwa, hawezi. Gaudensi akamgeukia Mwasiti, macho yamemtoka. Mwasiti angeitika, lakini jaji, aliyesimama nao nyuma ya pazia, alikuwa anamtazama yeye hasa, ameshamwandika, ameshaisikia sauti yake. Mwasiti akamtazama Mlinzi wa Nne. Sura haikuwa na mdomo. Jicho moja juu, moja chini, na nyuma yake hakuna kilichoonekana.

Hakumwomba. Alikwishaambiwa hapana, na alikwishachukua vingi nyumba ile. Basi, alijiambia. Limesomwa. Yatosha, turudi.

 

Kwa mara ya mwisho. Kidawa Selemani.

 

 

"Abee."

Halikuwa neno kubwa. Liliitikwa nyuma ya kinyago, vile linavyoitikwa jikoni, na mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akazitazama zile kandambili, akapanda na kanga, akaishia kwenye kinyago, kalamu bado iko hewani.

"Wewe ndiye Kidawa?" aliuliza, si kwa ukali.

Mkono wa Mama Kidawa ukatoka ndani ya joho. Ukapanda taratibu mpaka kisogoni, ukashika fundo la kamba ya kinyago, na Mwasiti, aliyekuwa karibu yake kuliko wote, hakujua kama alikuwa anaifungua au anaikaza.