Ushuhuda wa Tamsin Holbrook

Kanisani kwetu mtoto habatizwi mpaka mzazi wake mmoja awe mshirika, na ushirika haupatikani bila kusimama mbele ya watu wote ueleze jinsi neema ya Mungu ilivyokushika. Wengine husimulia radi na sauti. Bwana Pell alituletea malaika, tukamkataa, maana yule hata umri wa nguruwe wake hasemi kweli.

Jumapili moja ya Januari ikawa zamu ya Tamsin Holbrook, jirani yangu. Mumewe aliangukiwa na mti msituni kabla ya mavuno, na mtoto akazaliwa yatima. Nilikuwa nimempakata mimi, Josiah wa watu. Tangu katikati ya wiki hakuwa na nguvu hata ya kulia. Nilijua hatafika Jumapili nyingine, na mama yake alijua. Mchungaji husema maji hayaokoi. Amwambie hivyo mama.

"Sema chochote, shoga," nilimnong'oneza. "Hata ile ndoto yako ya ngazi."

"Ile niliiota kwa kushiba maharage, Bi Prudence."

Akasimama. Jumba letu la ibada halina moto, na pumzi yake ilionekana. Alikunja na kukunjua ncha ya shali yake mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Sijaona nuru," akasema. "Wala sijasikia sauti."

"Sasa dada, umesimama kutuambia nini?" aliuliza Mzee Obadiah Crane, ambaye hajawahi kumhurumia mtu hadharani.

"Sijui, Mzee. Binti yangu nilimzika baharini tukija huku, mume nimemzika hapa. Kila asubuhi naamka nimeapa simsemeshi Mungu. Halafu nachochea makaa, moto unashika, na kinywa kinasema asante kabla sijakizuia. Si mimi huyo. Mimi najijua, nina kinyongo. Kuna mwingine humu ndani."

Nimesikia shuhuda nyingi tangu tushuke melini, zenye aya za Maandiko na machozi ya kutosha, lakini siku ile niliogopa kugeuza shingo, nisije nikamwona Mwenyewe kakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyekohoa tena.

Mzee Crane aliinamia viganja vyake kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono kumkubali. Mikono ya wanaume ikafuata jumba zima. Sisi wanawake hatupigi kura, lakini wangu niliukuta juu.

Maji ya ubatizo yalikuwa yameganda. Mzee Crane alivunja barafu kwa ngumi.

"Baridi hii itammaliza," nilisema.

"Mpe Mchungaji," alijibu Tamsin.

Maji yakagusa paji la uso. Josiah alitulia, nami nikadhani ametutoka. Kisha akafungua kinywa akalia, kilio cha hasira, kikagonga mbao za dari.

Tamsin aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini asante ilikwisha kumtoka.