Hedi Iliyosuguliwa Juu ya Bamba la Karasha

Pikapu ya Paskalina ilichemsha kwa mara ya pili kwenye mlima, ikiwa imebeba dagaa kutoka Chato kwenda Kharumwa. Dagaa waliuzwa palepale barabarani kwa bei ya huruma, na gari likavutwa kwa mnyororo hadi Buseresere, kwenye gereji ya Mayala, mdogo wa marehemu mume wake.

Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake. Mbaya zaidi, Mama Zuhra, msimamizi wa soko la Kharumwa, alikwisha mpigia simu: asipotokea Jumamosi, meza yake anapewa mtu mwingine. Kharumwa ni mji wa wachimba dhahabu, na wachimbaji hawasubiri kitoweo.

Mayala alifungua injini na kukuta gasketi, inayoziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu, imeungua katikati. Mara ya kwanza alibadilisha gasketi tu, akafunga.

"Hedi imepinda kwa moto," alisema. "Safari hii nitaisugua."

Alikuwa na namna yake ya kusugua. Huko machimboni, karasha ya kusaga mawe ikichakaa, mabamba yake ya chuma huuzwa, na watu huyafanyia kila kazi, kuanzia daraja la mtaro hadi meko. Mayala alikuwa nalo moja mezani. Alilibandika msasa, akamwagia dizeli, akaisugua hedi asubuhi nzima hadi ikang'aa.

"Njoo ujitazame, mke wangu," alimwita shemeji yake. "Unaweza kujipakia poda hapa."

"Mume gani wewe, unaniletea hedi badala ya sukari."

Mafundi wa jirani walicheka. Paskalina aliinama, akauona uso wake kwenye chuma, na moyo ukataka kutulia. Ndipo kiganja chake kikagusa bamba. Kabla ya kuuza dagaa alikuwa ameilisha karasha mawe kwa miaka mingi, na mkono wake haukusahau: mawe hula bamba katikati. Hili nalo lilikuwa limeliwa, na hedi ilisuguliwa humo asubuhi nzima.

"Shemeji, lete ile rula yako ya chuma."

"Ya nini? Hedi inang'aa."

"Hata jiwe lisilo na dhahabu linang'aa. Lete."

Mayala aliisimamisha rula kwa ubavu juu ya hedi, akawasha tochi ya simu nyuma yake. Katikati rula ilikaa. Miishoni mwanga ulipita. Alibonyeza upande mmoja, wa pili ukainuka. Akaiweka mshazari, ikawa vilevile.

"Imeota kitambi," alisema polepole.

"Kama wewe. Ila chako hakivujishi maji."

Safari hii Mayala hakucheka. Alishika bamba akitaka kuligeuza, asugulie upande wa pili.

"Liache," Paskalina alisema. "Hedi inakwenda Geita kwenye mashine ya kusawazishia, leo."

"Watu watasema Mayala kashindwa na hedi."

"Watasema Mayala anajua mashine ilipo. Twende wote. Fundi wa gari langu ni wewe."

Wakapanda basi, hedi imefungwa kwenye kanga, imelala miguuni pa Paskalina. Njiani alisali kimya. Hakuomba muujiza. Aliomba umeme usikatike na mwenye mashine awe mkweli, akasema amina na kufungua macho kama mtu aliyekwisha jibiwa.

Mwenye mashine, Sostenes, aliipima hedi, akawatazama.

"Mmeisugulia wapi hii?"

Mayala alijibu: "Kwenye bamba la karasha."

"Afadhali wewe. Wa juzi aliisugulia kwenye sakafu ya kanisa."

Kwanza Sostenes aliziba matundu yote na kusukumia maji kwa nguvu, kutafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Ndipo akaifunga hedi mezani na kuanza kuiskimu, kuikwangua kidogo kidogo hadi inyooke. Jiwe la mashine lilipopita mara ya kwanza, liligusa katikati tu, likaacha utepe mweupe, na miisho ikabaki na rangi yake ya zamani. Kila lilipopita tena, utepe ulipanuka. Uso wote ulipokuwa rangi moja, Sostenes akazima.

"Nikiendelea kukata, nitaiharibu," alisema. "Hapa inatosha."

Mayala aliweka rula mwenyewe. Mwanga haukupita popote.

Huko Buseresere alisafisha uso wa injini, nao akaupima kwa rula, ukawa sawa. Akaweka gasketi mpya na kukaza bolti kwa mizunguko, akianzia katikati kwenda nje, bila haraka. Rejeta nayo aliisafisha hadi maji yakatoka meupe.

Jumamosi asubuhi Paskalina alipiga ishara ya msalaba, akaondoka na mzigo mpya wa dagaa. Mlimani alipanda kwa gia ndogo, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Mshale ulisimama katikati na kukaa hapo mpaka Kharumwa.

Mama Zuhra alikuwa tayari anamwonyesha muuza nyanya ile meza.

"Shikamoo, Mama Zuhra."

"Marahaba. Tuliambiwa gari lako limekufa."

"Lilikuwa na homa. Limepona."

Mama Zuhra aliligeukia gari, akalisikiliza, kisha akamwambia muuza nyanya atafute kivuli kwingine. Paskalina hakuizima injini mara moja. Aliiacha ingurume kidogo ili soko zima liisikie, halafu akazima na kushusha gunia la kwanza.