Vishikwambi vya Kupigiwa Picha

Tahiya, mwanachuo wa ualimu, alipelekwa skuli ya Kiwengwa kwa mazoezi ya kusomesha watoto kwa vishikwambi. Wiki nzima mwalimu mkuu alivifungia kabatini. Leo wamekuja wafadhili waliovitoa, pamoja na mpiga picha wao, ndipo vikagaiwa, bado vimo ndani ya nailoni.

"Wavishike tu wapigwe picha," alisema mkuu. "Wakiwasha wataviharibu."

Damu ikamchemka Tahiya. Yeye mwenyewe skuli alisomeshwa kompyuta kwa kuchorewa ubaoni!

"Mwalimu, watoto hawa si mapambo ya harusi. Chaneni nailoni, wanangu! Bonyezeni hapa ubavuni!"

"We Tahiya! Alama zako za mazoezi nnazo mimi!"

"Kaa nazo, Mwalimu."

Nailoni zikachanwa, vioo vikawaka.

"Watoto, tizameni huku!" aliita mpiga picha.

Hakuna aliyeinua kichwa.