Namba ya Maumivu

Ofisi ya kukadiria fidia ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti yake ilikuwa mbovu. Usidhani ni ubovu wa bahati mbaya. Mtu akidai kuwa amevunjika nyonga, kisha akaonekana mlangoni ghorofa ya nne saa tatu kamili, amekwisha kujipunguzia madai kwa miguu yake mwenyewe. Fundi cherehani hakulijua hilo. Alijua ameambiwa saa tatu, na kwamba mtu mwenye adabu hachelewi kwa watu, basi akaanza kupanda saa mbili na robo, ngazi moja baada ya nyingine, mkongojo mkono wa kulia, bega la mdogo wake upande wa kushoto. Walipofika juu alijifuta jasho, akanyoosha gauni, akamwachia mdogo wake bega. Hakutaka kuingia ofisini kwa watu akiwa amening'inia.

"Umepanda mwenyewe, dada?" aliuliza mkadiriaji, akimvutia kiti.

"Nimepanda, kaka. Taratibu tu."

"Pole sana," alisema, na kalamu yake ikaandika kitu.

Waliokwisha kupita mikononi mwake walimwita Bwana Pole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikupa pole ya kuvunjika, pole ya kusubiri, pole ya jua la nje, na kila pole ilikatwa kwenye fungu lako. Heri hata mkali anayekutukana, ukajua umetukanwa, kuliko huyu aliyekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku ukimshukuru.

Ajali yenyewe haikuwa na ubishi. Miezi minne nyuma fundi alikuwa anavuka barabara kwenye pundamilia kwenda kununua vifungo, lori la soda likaja likamzoa, na dereva akakiri palepale kwamba alikuwa anasoma simu. Mwenye lori ana bima, bima inalipa. Ubishi ulikuwa mmoja tu: inalipa kiasi gani?

Na hapo ndipo Bwana Pole alipopatia mkate wake. Kwanza alijumlisha risiti za hospitali. Kisha akajumlisha siku ambazo mtu hakufanya kazi. Hayo mtoto wa shule anayaweza. Lakini maumivu hayana risiti, kwa hiyo hupewa namba, kuanzia moja mpaka tano, na ile jumla huzidishwa kwa namba hiyo. Moja ni ya aliyepona akarudi kwenye shughuli zake. Tano ni ya yule ambaye ndugu zake wanamlisha kwa kijiko. Barua ya kwanza ya ofisi ilimpa fundi nne.

Fundi alikuwa ameilaza barua ile chini ya mto kama hirizi. Nne ilitosha upasuaji wa pili. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno: mfupa umeshika upande, lazima uvunjwe tena na uungwe upya, na lazima iwe ndani ya miezi miwili, kwa sababu ukishakomaa vile ulivyo mguu utabaki gogo. Cherehani ya fundi ni ya kukanyaga. Ameikanyaga miaka ishirini na miwili kwa mguu uleule. Asubuhi hiyo alikuja na kalamu yake mwenyewe mkobani ili asaini nne yake, aende moja kwa moja hospitali kupangiwa siku.

"Kabla hatujasaini," alisema Bwana Pole, "utaratibu unataka tumhoji ndugu wa karibu. Tumeshamhoji. Ni vizuri nawe usikie."

Akabonyeza kitufe kwenye kompyuta. Na sauti ya mama yake fundi, ambaye anaishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, ikajaa ofisi nzima.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi natoka mjini, mama, nashughulika na mambo ya mwanao fundi. Hajambo lakini?"

"Hajambo kabisa! Jana tu tumeongea. Huyo hajui kuugua, huyo. Kanishonea gauni la mikono mirefu, kalituma kwa basi, ukiliona utasema la duka."

"Na anatembea vizuri?"

"Kwani ana nini? Anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu, mikono yote miwili imejaa. Mwepesi, utadhani msichana."

"Nashukuru sana, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu, kwa kumjali mtoto wangu."

Kitufe kikabonyezwa tena. Fundi hakukasirika kwanza, aliona aibu, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Gauni lile alilishona kwa mkono, sindano na uzi, akiwa amelala chali wodini na mguu umening'inizwa kwa kamba. Lilimchukua wiki tatu. Alilishona ili mama asipate shaka, kwa sababu mama hakuambiwa. Miaka mitatu nyuma, kaka yao mkubwa alipofariki, mtu mmoja asiye na breki mdomoni alimpigia mama simu akamwambia hivihivi, na mama akaanguka na simu sikioni. Mdomo ulipinda, wiki kumi na moja hakusema neno. Daktari wa huko aliwaita watoto wawili waliobaki, akawaambia kwamba moyo ule hautabeba habari nyingine ya ghafla. Ikija ya pili, njooni na sanda. Basi siku ya lori, mdogo mtu aliapa kando ya kitanda cha dada yake: mama asijue mpaka utembee. Na kila jioni mama alipopiga simu na kuuliza hujambo, fundi alijikaza kisabuni, akajibu sijambo.

Namba ya mama kwenye mafaili ya ofisi aliiweka fundi mwenyewe. Fomu iliandikwa "ndugu wa karibu", na mdogo wake alikuwa amekaa hapohapo pembeni yake. Lakini mtu ukiwa na mama hai, utamwandika nani mwingine hapo? Aliliandika jina la mama kwa herufi kubwa, kwa fahari.

"Mama hajui!" Mdogo wake alikuwa amesimama. Alikuwa muuza matairi, mtu wa mabavu, lakini sauti ilimtoka nyembamba. "Tumemficha kwa ajili ya moyo wake. Hajui chochote kuhusu ajali!"

"Poleni sana," alisema Bwana Pole. "Lakini mimi nitajuaje? Kila mtu ninayempunguzia anakuja na hadithi, na zote zinatia huruma."

"Si picha za eksirei hizo hapo mbele yako?"

"Picha zinaonyesha mfupa, ndugu yangu. Hazionyeshi maumivu. Mfupa tumeshaulipia kwenye risiti. Hapa tunaulizia mtu anaishije, na mzazi wake anasema anakwenda sokoni na mikono imejaa." Akamgeukia fundi, akapunguza sauti kama anayemfariji mfiwa. "Wahenga walisema, dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema mapema. Sasa hii inakuwa moja."

"Moja," alirudia fundi.

"Moja inalipa madeni ya hospitali, na unabakiwa na ya kununulia magongo mazuri kuliko huo mkongojo. Unaweza kwenda mahakamani, ni haki yako. Miaka mitatu hivi, minne."

Mfupa haungoji miaka mitatu. Bwana Pole alilijua hilo, maana barua ya daktari ilikuwa ndani ya faili lake, na tarehe ya mwisho ya upasuaji alikuwa ameizungushia duara kwa wino mwekundu. Watu wakimwambia ana roho mbaya hushangaa. Yeye hajamnyima mtu kitu. Anafuata utaratibu tu, na utaratibu haukuandikwa na yeye.

"Kuna njia moja," alisema. "Ushahidi hubadilishwa na aliyeutoa. Mama akiambiwa ukweli, akasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikuwa hajui, nitaifuta moja na kurudisha nne. Lakini iwe sasa hivi, nisikie, kabla familia haijakaa kupangana. Faili linafungwa leo." Akausogeza mkonga wa simu ya mezani, akafungua spika. "Piga. Simu ni ya ofisi, haitakugharimu kitu."

Fundi alimtazama mdogo wake. Yeye ndiye aliyeapa, basi na atoe ruhusa.

"Mwambie, dada," alisema mdogo mtu. "Mguu ni wako. Mwambie taratibu, umzungushe kwanza." Halafu akaketi na kujishika kichwa. "Ah, sijui mimi. Sijui."

Fundi alipiga. Namba ya mama hakuhitaji kuisoma popote, iko vidoleni. Simu iliita mara nne.

"Haloo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Mbona namba ngeni?"

"Mama, uko peke yako? Kaa kwanza nikwambie."

Lilikuwa kosa, na alijua ni kosa kabla hajalimaliza. Siku ya kaka yao pia mtu alianza na kaa kwanza. Kwenye spika walisikia kiti kikiburuzwa, na pumzi ya mama ikianza kukatika, fupi fupi, kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Nani? Ni mdogo wako? Niambie upesi, mwanangu, moyo unanienda mbio. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi ni wewe. Una nini? Hujambo wewe?"

Bwana Pole alikuwa ameinua kalamu. Hakuonyesha haraka wala huzuni. Alisubiri kama anavyosubiri kila siku. Mdogo mtu aliangalia sakafu. Nyonga ilimwuma fundi kwa ngazi zile za ghorofa nne, ilimwuma mpaka machozi yakamlenga, na neno lilikuwa pale mdomoni. Maneno matatu tu: niligongwa na gari. Angeyasema, mguu ungerudi. Upande wa pili wa waya pumzi ilikatika, ikachelewa kurudi, ikarudi na mluzi.

"Sijambo, mama," alisema fundi.

"Kweli?"

"Sijambo kabisa. Nimeikumbuka sauti yako tu. Niko ofisini kwa watu, wamenipa simu."

Mama alivuta pumzi ndefu, halafu akacheka, halafu akagomba. "Mtoto wewe utaniua! Kaa kwanza, kaa kwanza, ndiyo nini? Umenitia kiwewe. Ngoja ninywe maji." Walimsikia akinywa. "Basi na mimi nina langu. Nakuja mwezi ujao. Nimechoka kukusikia simuni kama redio. Utanipokea stendi?"

"Nitakupokea."

"Na tusipande gari, tutembee mpaka kwako, nione huo mji wenu. Mimi bado nina miguu."

"Tutatembea, mama."

"Halafu kuna kijana mmoja mpole wa huko alinipigia akaniulizia habari zako. Ukimwona msalimie. Nimemweka kwenye maombi yangu."

Bwana Pole aliinama kwenye simu. "Salamu zimefika, mama. Ndiyo mimi huyu, niko naye hapa."

"Ehee! Kumbe uko naye! Nitunzie mwanangu, baba."

"Tunamtunza, mama. Usiwe na wasiwasi."

Simu ilikatwa. Kisha kalamu ilikata nne kwa mstari ulionyooka, ikaandika moja pembeni, na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma, ikaongeza: mdai ameahidi mbele yangu kumpokea mzazi stendi na kutembea naye hadi nyumbani.

"Heri kenda shika, dada, kuliko kumi nenda uje," alisema Bwana Pole, akigeuza karatasi upande wake. "Hapa, na hapa. Pole sana."

Fundi alitoa kalamu yake mkobani. Alisaini hapa, akasaini na hapa. Alipoinuka mdomo wake ulisema ahsante wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ya kulelewa vizuri, na ahsante hiyo ilimwuma kuliko nyonga.

Nje, juu ya ngazi, mdogo wake alichutama akamgeuzia mgongo. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujisumbua kuufuta.

"Panda, dada. Nikubebe mpaka chini."

Fundi aliziangalia ngazi zilivyoshuka. Akampa mdogo wake mkongojo aushike, akakamata chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akautanguliza mguu mbovu.

"Niache," alisema. "Mama anakuja mwezi ujao."