Masera Aliyefunga Njia ya Arusi

Jumamosi ile tulitoka kanisani kwa shangwe, fanfari ya tarumbeta mbele, magari nyuma yakipiga honi. Nilikuwa gari la kwanza pamoja na maarusi, maana Yannick ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba yake. Tulipofika mbele ya hospitali, masera mmoja, mtawa wa kike, alikuwa katikati ya barabara, amenyoosha mikono yote miwili.

Sisi wa Bukavu tunaijua desturi hiyo: vijana wa mtaa hufunga njia ya arusi mpaka wapewe kinywaji. Lakini masera! Dereva wetu, Anaclet, alicheka akagonga usukani.

— Hata bamasera! Kamata Fanta, Masera, utuachilie.

Alikuwa Masera Emmanuella, mkurugenzi wa hospitali. Alifika pale akiwa muuguzi msichana, na hata alipopewa ofisi hakuacha kutandika vitanda kila asubuhi pamoja na wanafunzi wake. Wengi katika msafara wetu alikuwa amewapokea yeye duniani, Yannick akiwa mmojawapo.

— Sitaki Fanta, nataka damu. Kuko maman mumoja ametoka Luhwindja, amezaa, damu haisimame. Yeye iko O négatif, na mu frigo yetu ya damu hamuna kitu. Nani kati yenu iko na ile damu?

Honi zikanyamaza. Nadhani Masera alijua jibu, kwa kuwa parokia huwatuma wachumba kupimwa kwake, lakini hakumtaja mtu. Ndipo bibi arusi, Noëlla, akainua mkono wenye glovu nyeupe.

— Ni miye. Balinipima hapa hapa mbele ya ndoa.

Akashika mlango ashuke. Maman Sifa, shangazi yake, akaja mbio kutoka gari la pili, viatu mkononi.

— Funga ule mulango! Bibi arusi hashukake njiani, na haingiake fasi ya bagonjwa. Unataka kuleta kifo mu nyumba yako mupya?

— Shangazi, mutu anakufa!

— Kazi yangu ilimalizika kanisani. Sasa uko mutoto wa kwao. Papa Stanislas aseme!

Wote wakanigeukia. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto, najua damu ni nini. Lakini marehemu mama yangu naye angekataa kama Maman Sifa, na nilijua mgeni wa ukoo anavyosemwa akivunja desturi siku ya kwanza.

— Papa, akasema Masera, desturi inakataza ashuke. Basi asishuke. Miye nitapanda.

— Panda, Masera! nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Alikimbia, mtu wa umri wake, akarudi na mfuko na sindano, akapiga magoti ndani ya gari kati ya maua. Mkono wa gauni ukagoma kupanda. Maman Sifa mwenyewe akaingiza kichwa dirishani akafungua vifungo, akinung'unika:

— Polepole, Masera, gauni ni ya kukodi!

Yannick alipoiona sindano akageuza uso, jasho likimtoka.

— Mutazame bwana! shangazi akacheka. Huyu atalinda nyumba namna gani?

Mfuko ulipojaa, Masera aliukumbatia akarudi ndani bila kuaga.

Ukumbini Noëlla hakucheza. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Ililia wakati wa kukata keki, na msemaji wa sherehe akaiweka kwenye mikrofoni.

— Maman yuko muzima, ilisema sauti ya Masera, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia kwa nguvu zote. Damu imesimama. Ameamuka, anaomba bugali na samaki ya sambaza, na bwana yake hajue atazipata wapi.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Noëlla akaangusha kisu cha keki, akalia akicheka. Nilimtafuta Maman Sifa nicheze naye, nikamkuta kwenye meza ya chakula, anafunika sahani kubwa kwa kitambaa.

— Anaclet! aliita. Leta gari. Na usipige honi, bagonjwa banalala.